Aliyesema Acha

Asubuhi hiyo Daktari aliamka na uamuzi, akanywa nao chai, akapiga nao mswaki, na kufikia saa tatu alikuwa bado hajautoa mdomoni. Alikuwa daktari wa meno, mtu aliyezoea kuwaamuru wenzake wafungue kinywa, lakini cha kwake siku hiyo kilikataa katakata kufunguka.

Jambo lenyewe halikuwa refu. Anampenda Nahodha. Hataolewa na Mwanasheria. Sentensi mbili, na alikuwa amemwahidi Nahodha kuwa atazisema kabla boti haijafika gatini.

Kule kwao ilikuwa majira ya baridi, baridi ile ya kuvaa soksi mbili na kulala na koti, na kama kila mwaka familia ilikuwa imeikimbia. Marehemu baba yao alipostaafu alinunua boti nyeupe yenye vyumba viwili vya kulala na jiko la kujibana, akaibandika jina Mstaafu, akawa anawazungusha wote kwenye pwani ya joto mpaka kwao kupate jua. Alipofariki, boti ikabaki mikononi mwa mtoto wake wa kwanza, mkandarasi wa majengo ambaye mafundi wake walimwita Simenti. Mwenyewe alilijua jina hilo na kulifurahia. Simenti ndiye aliyemwajiri Nahodha, na Simenti huyohuyo ndiye aliyempatia mdogo wake mchumba, mwanasheria wa kampuni yake, ambaye mchana wa siku hiyo angepanda chomboni na jioni posa itangazwe rasmi. Mwanasheria hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutuma ujumbe wa mapenzi wenye nukta na mikato yote mahali pake, na Daktari kila alipousoma alitamani kuusahihisha tu ili apate la kufanya.

Nahodha yeye hakuwahi kumtumia ujumbe wowote. Alimtazama. Siku ya kwanza ya safari ya mwaka jana, alipowakusanya wote kuwapa masharti ya chombo, alikuwa anaeleza habari za kamba huku macho yake yakirudi kwake kila baada ya maneno matatu.

"Humu ndani neno acha lina kazi moja tu," alisema siku ile. "Nikisikia acha, naachia nilichoshika, iwe kamba iwe mnyororo. Sifikirii, sigeuki kuangalia, naachia. Mkitaka mtu anyamaze, au aondoe mkono wake mahali, semeni basi."

"Na mwanamke akitaka kuachwa na mumewe?" Mama aliuliza.

"Avumilie mpaka nchi kavu, mama."

Walicheka wote, hata Simenti.

Sasa Mama alikuwa jikoni, amesimama mlangoni kwa sababu jiko lile lilimtosha mtu mmoja na nusu, na Daktari ndiye aliyekuwa ndani.

"Mwanangu, kikombe hicho umekiosha mara ya tatu."

"Mama, nikwambie kitu?"

"Kama ni Nahodha, usiniambie."

Daktari akageuka na sabuni mikononi. "Umejuaje?"

"Nimezalisha wanawake miaka thelathini na nne. Mwenye jambo tumboni namjua akiwa bado yuko getini."

"Nampenda, mama."

"Nimeona. Na wewe hujui kuficha, umemrithi baba yako." Mama akashusha sauti. "Lakini yule ni mtu wa kukodiwa. Msimu huu yuko kwetu, msimu ujao yuko kwa wengine. Utakuwa unalala na nani, na picha yake? Na kaka yako utamwambia nini?"

"Nitamwambia simtaki Mwanasheria."

"Haya, niambie," ikasema sauti kutoka kwenye ngazi.

Simenti alikuwa amesimama kwenye kidato cha mwisho, taulo begani, shavu moja limenyolewa na la pili limejaa povu. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Mama aliweka mkono kifuani, akauacha hapo.

"Kaka, kaa kwanza tuongee."

"Tangu lini?"

"Kaa, kaka yangu."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana." Alilirudia neno taratibu. "Tumetoka kumzika baba, mimi nashughulika na mirathi, na wewe uko huku na dereva wa boti."

"Usimwite hivyo."

"Nimwite shemeji?" Akajifuta povu kwa kiganja, akalipangusia kwenye suruali. "Ngoja nikamsalimie shemeji."

Alipanda ngazi mbili mbili. Daktari akamfuata mbio, huku Mama nyuma akiita jina la utotoni la mwanawe, lile ambalo Simenti hakuruhusu mtu alitaje mbele za watu. Juu kulikuwa na jua kali na bahari imetulia, asubuhi ya kupigia picha kabisa.

Nahodha alikuwa mbele ya boti, kule wenyewe wanakokuita omo, anang'oa nanga, injini ikiwa imeshawashwa. Mashine ya kuivutia ilikuwa imeungua tangu juzi, kwa hiyo alikuwa anaivuta kwa mikono, pingili kwa pingili, na mnyororo alioutoa majini ulikuwa umerundikana pembeni yake duara juu ya duara. Nanga yenyewe ilikuwa imeshaachana na mchanga, inaning'inia ndani ya maji kwa uzito wake wote. Alibakiza hatua moja tu afikie chuma cha kuufungia mnyororo.

Simenti aliingia moja kwa moja katikati ya lile rundo.

"Bosi, toa mguu hapo," Nahodha alisema.

"Usinifundishe pa kukanyaga kwenye boti ya baba yangu."

"Mguu, bosi. Tafadhali."

Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni. Ilitoa mlio ambao Daktari hakuwahi kuusikia kwa mtu aliye hai, mlio wa donge la unga likipigwa mezani. Nahodha aliyumba, akapanua miguu, akabaki ameushika mnyororo kwa mikono miwili. Ya pili ilitua kwenye jicho. Ya tatu ilimpata mdomoni, damu ikaruka na kitu cheupe kikadunda juu ya sitaha, kikabiringika mpaka kwenye ukingo.

"Umeingia nyumbani kwangu," Simenti alisema, akampiga tena. "Umekula mezani kwangu." Akampiga tena. "Na macho yako yako kwa dada yangu."

Nahodha hakuinua mkono. Hilo ndilo lililomuumiza Daktari kuliko damu. Mwanaume mwenye mabega ya kuvuta nanga kwa nguvu zake mwenyewe, mwanaume aliyemwambia jana tu alasiri kwamba hakuna atakayemtoa kwake, amesimama kupigwa kama mtoto aliyekosa. Aliona aibu kwa niaba yake, kisha akaona hasira, hasira ya kumtaka arudishe japo ngumi moja. Alimrukia kaka yake mgongoni, akamkamata shati likachanika. Simenti akarusha kiwiko nyuma bila kutazama. Kilimpata Daktari chini ya titi, pumzi ikamkatika, akaanguka chali.

Alipoinua kichwa, Simenti alikuwa ameokota mpini wa chuma wa ile mashine iliyoungua. Aliushika kama mtu anayejua uzito wa vyuma. Aliunyanyua juu ya kichwa cha Nahodha, na uso wake, nusu umenyolewa na nusu bado, haukuwa na mtu wa kuongea naye.

"Acha!" Daktari alipiga kelele.

Nahodha akaachia.

Mnyororo uliondoka na sauti ya lori linalomwaga kokoto. Duara la kwanza likaenda, la pili likaenda, la tatu likajikaza kwenye kifundo cha mguu wa Simenti na kumkwapua. Mpini ukaanguka upande. Kichwa chake kiligonga sitaha, mikono ikaparura mbao ikitafuta pa kushika, kisha akapita chini ya ukingo, akazama. Maji yakafunga. Mnyororo ukaendelea kutoka kidogo, ukatulia.

Nahodha aliitazama mikono yake mitupu kama si ya kwake.

"Zima injini," alisema kwa mdomo uliojaa damu, akajitupa majini.

Daktari alitambaa mpaka kwenye usukani, akaizima. Mama alikuwa ameshafika juu, ameshika ukingo kwa mikono yote miwili, anahesabu kwa sauti, kwa mwendo uleule aliohesabia miaka thelathini na nne kati ya uchungu na uchungu. Hamsini. Hamsini na moja. Daktari alipiga magoti kando yake akitazama maji, na mawazo yaliyomjia hakumwambia mtu yeyote maisha yake yote. Yalikuwa kwamba akitoka mmoja tu, anajua anayetaka awe nani. Mama alipofika tisini sauti ilianza kukatika, lakini hakuacha kuhesabu.

Kwenye mia na kumi na mbili vilitoka vichwa viwili.

Walimpandisha kwa ngazi ya nyuma, Nahodha akimsukuma kwa bega, wao wawili wakimvuta kwa makwapa. Mama alimlaza, akambana kifua, akamgeuza. Simenti alitapika maji na chai, akakohoa, akalia kwa uchungu. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatazama kusikotakiwa.

"Umevunjika," Mama alisema. "Lakini yuko hai. Niletee mbao mbili na shuka. Wewe kijana, na wewe kaa chini kabla hujaanguka."

Nahodha hakukaa. Alirudi mbele, akaufungua mnyororo, akauachia uende na nanga yake huku ameufunga boya la kuonyesha ulipo, kisha akaiwasha injini na kuielekeza boti gatini. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kifuani.

Daktari alipomaliza kumpelekea Mama mbao, alitambaa kwenye sitaha akitafuta jino lililoruka. Alilipata kwenye mfereji wa maji, karibu na ukingo. Ilikuwa chonge ya juu, upande wa kushoto, nzima na mzizi wake. Aliishika kwenye kichwa, hakuugusa mzizi, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa ya paketi. Akatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano.

"Njoo huku ndani," alimwambia Nahodha. "Funga usukani dakika tano. Bahari imelala."

"Kaka yako..."

"Kaka yangu yuko na mkunga. Wewe uko na mimi. Fungua."

Alimkalisha kwenye meza ya sebule ndogo, hatua mbili kutoka kwenye benchi alikolazwa Simenti. Hakukuwa na ganzi. Alimwambia itauma, yeye akasema imeshauma. Akaliingiza jino kwenye tundu lake, akalisukuma kwa kidole gumba taratibu, mpaka aliposikia limekaa. Nahodha aliishika meza kwa nguvu hadi ikalia, lakini macho yake hayakumtoka usoni. Yalikuwa ni macho yaleyale ya siku ya kwanza, ila moja lilikuwa limevimba hadi likafunga.

"Uma hicho kitambaa. Usiseme kitu."

Alikaa karibu naye, goti kwa goti, amekishika kidevu chake.

"Kwa nini hukujitetea?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Ulisimama tu. Nilikudharau, unajua? Kwa dakika nzima nilikudharau."

Nahodha alikuwa ameuma kitambaa. Alikunja mikono yake miwili hewani, akaikaza, kama aliyeshika mnyororo. Kisha akanyoosha kidole kwenye benchi, kwenye mguu wa Simenti.

Daktari alielewa. Mguu, bosi. Tafadhali. Alikuwa ameyasikia maneno yale kwa masikio yake, na hakuyafanyia kazi yoyote. Mtu alikuwa amekubali kuvunjwa uso ili asiachie uzito ule uende na mguu wa anayempiga. Na yeye ndiye aliyemwambia aachie.

"Nilikuwa namwambia kaka," alisema, machozi yakimwagika. "Ilitakiwa niseme basi. Nilisahau."

Nahodha alimfuta shavu kwa mgongo wa kidole chenye damu, akamchafua zaidi.

"Inapendeza," Simenti alisema kutoka kwenye benchi. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa chumvi. "Mimi nakufa, nyie mnafutana machozi."

"Amekutoa chini ya bahari, mwanangu," Mama alisema.

"Baada ya kunituma huko. Mimi nilimwona, mama. Alinitazama, akaachia. Mwanasheria yuko gatini. Nikimwambia neno moja, huyu halali nje leo. Jaribio la kuua, na mashahidi ni mama yangu na dada yangu."

"Sikuona kitu mimi, mwanangu, nilikuwa kwenye ngazi."

"Utakuwa umeona." Akageuza kichwa kwa shida, akamtazama mdogo wake. "Au tufanye hivi. Unashuka na sisi, unapanda gari la Mwanasheria, jioni tunatangaza kama ilivyopangwa. Nami nitasema nilijikwaa. Dereva wako ataenda zake na jino lake."

Mama aliendelea kufunga shuka kwenye mbao.

"Mwanangu," alimwambia Daktari hatimaye, bila kuinua macho. "Kubali. Utazoea. Mimi na baba yako tulizoeana. Sitaki kuzika mtoto wala kumtembelea mtu jela."

Daktari alitoka, akamfuata Nahodha ambaye alikuwa ameshasimama tena kwenye usukani. Mbele yao gati lilikuwa limeanza kuonekana, na magari yaliyoegeshwa, na mtu aliyevaa suti nyepesi peke yake kwenye jua.

Nahodha alitoa kitambaa mdomoni. "Nimesikia yote."

"Usiongee, jino halijashika."

"Utapanda lile gari?"

"Ukifungwa je? Miaka kumi? Kumi na tano?"

"Nimekuuliza kama utapanda."

"Sijui," alisema, na ilikuwa kweli. "Unataka nikuangalie ukifungwa pingu halafu nirudi kuziba watu meno?"

"Sikiliza." Alikuwa na hasira sasa, kwa mara ya kwanza siku ile, na ilimwelekea yeye. "Nimepigwa leo nikiwa nimeshika roho ya kaka yako mkononi. Sikulalamika. Lakini ukienda kulala kwa mwanaume mwingine ili mimi nitembee barabarani, hiyo ndiyo itakayoniua. Usinifanyie wema huo. Bora unichukie."

"Siwezi kukuchukia. Nimejaribu kule mbele, dakika nzima."

Nahodha alitaka kucheka, mdomo ukamkatalia. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa Daktari kwenye usukani, wakaenda hivyo mpaka gati lilipofika karibu kiasi cha kuhesabu watu.

Machela ilikuwa inangoja, Mama alikuwa amepiga simu. Pamoja nayo alisimama afisa wa bandari, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni na fomu kwenye ubao. Mwanasheria alisogea hatua mbili, akaona damu, akasimama.

"Ajali yoyote chomboni naandika hapa hapa kabla mtu hajaondoka," afisa alisema. "Nani mwenye chombo?"

"Mimi," Simenti alijibu kutoka kwenye machela. Alikuwa amekuwa wa kijivu usoni, lakini macho yalikuwa yaleyale. Yalimtafuta Daktari, yakamngoja. Daktari alijua yanangoja nini. Gari la Mwanasheria lilikuwa na mlango wazi.

"Eleza kilichotokea."

"Kilichotokea," Simenti alisema polepole, bado anamtazama mdogo wake, "ni kwamba huyu nahodha..."

"Nahodha alitii amri," Daktari alisema. "Mimi ndiye niliyesema acha."

Afisa alivaa miwani. Alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, mwenye nguo iliyolowa na damu ya watu wawili, asiyemjua na asiyefanana na yeyote pale.

"Ulisema acha, naye akaachia mnyororo."

"Ndiyo."

"Na ulijua kuna mtu amesimama juu yake?"

Nahodha alipiga hatua mbele, Daktari akamzuia kwa mkono bila kugeuka. Alikumbuka kaka yake akimbeba mgongoni kwenda shule wakati wa mvua ili viatu vyake visilowe. Alikumbuka mpini wa chuma juu ya kichwa cha mtu aliyefungwa mikono na wema wake mwenyewe.

"Nilijua," alisema.

Kalamu ya afisa ilisimama juu ya karatasi.

"Bibi, hili ni jambo zito," alimwambia Daktari, kwa heshima. Kisha akamgeukia Simenti. "Mzee, wewe ndiye uliyeumia. Niandike hivyo? Kwamba huyu alikusudia? Nikiandika, polisi watamchukua sasa hivi, na sitaweza kufuta."

Simenti alimtazama mdogo wake. Chumvi ilikuwa imemkaukia shavuni. Mwanasheria alifungua mdomo kusema kitu cha kisheria, Simenti akamnyamazisha kwa kidole kimoja.

"Usiandike hivyo," alisema. "Nilijikwaa."

"Ulijikwaa."

"Nilikanyaga mnyororo, nikajikwaa. Hakuna aliyenifanya kitu."

Afisa aliandika. Daktari akanyoosha mkono kwenye machela, akaugusa mkono wa kaka yake uliokuwa juu ya shuka. Simenti aliuondoa, akauweka upande wa pili, mbali.

"Namalizia," afisa alisema. "Waliokuwemo. Mwenye chombo, wewe. Nahodha, yule. Huyu mama?"

"Mama yangu mzazi."

"Na huyu mwanamke, ni nani wako?"

Wabeba machela walikuwa wameshainama kushika vishikio. Simenti alifumba macho.

"Abiria," alisema.

Afisa akaandika abiria, akageuza ubao, akampa asaini.